CT Aliyetaka Kupingwa

Hakuna aliyetoka darasani mwake kabla mtu mmoja hajasimama na kumpinga. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Akimaliza kufundisha alifuta ubao kwa kiganja, akaketi kwenye kiti chake cha plastiki, akafunga mikono kifuani na kuuliza neno moja la Kifaransa: "Objection?" Kisha akangoja. Jua lingehama kutoka dirisha hili hadi lile, njaa ingetuuma, wenzetu wa darasa lingine wangepiga kelele mlangoni kwamba saa yao imefika. Yeye alingoja tu.

"Cours bila objection haiishake," alisema, yaani somo lisilo na pingamizi haliishi. "Kama hamuna neno, basi hamukusikia. Tukae."

Aliyesimama mara nyingi nilikuwa mimi. Si kwa akili, nisijisifu bure. Ni kwa njaa na kwa mdomo. Nyumbani walikuwa wakisema nilizaliwa nikibisha. Basi akaniita Madame Objection, na jina hilo limenikaa mpaka leo ninapofundisha sekondari hapa hapa Baraka, mji wetu wa pwani ya ziwa. Wanafunzi wangu hulinong'ona nikipita, wakidhani sisikii.

Jambo moja lilinishangaza tangu mwanzo: hakuwahi kujibu. Ungesimama, ungesema neno lako, tena neno kali, naye angekutazama kwa furaha kama mtu aliyeletewa chakula. Halafu angesema, "Objection iko nzuri. Mutoke." Tulitoka. Nilimwuliza siku moja kwa nini hajibu, akasema mwenye kuulizwa swali zuri hana haki ya kuliharibu kwa jibu. Ee, nilimheshimu kwa hilo! Niliona ni unyenyekevu mkubwa.

Sisi wote tulimwita CT. Ni cheo cha chuoni, chef de travaux, mwalimu aliyekwisha kupita uasistenti lakini udaktari bado hajaupata. Wengine hukaa katika cheo hicho muda mfupi, kama mtu aliyejibanza chini ya paa la watu mpaka mvua ipite. Yeye paa lile likawa nyumba yake. Kila alipotaka kusafiri kwenda kuitetea tasnifu, ama barabara ilikatika, ama chuo kikuu kilifungwa, ama profesa wake aliugua. Mwishowe profesa akafa na tasnifu ikabaki yatima. Ukimwita "Docteur" kwa kumbembeleza, alikukatia kauli. Ukimwita "Mwalimu" hakuitika kabisa. CT, basi.

Alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii, na hakukificha. Alitaka mtu wa kumwachia somo lake.

"Mi sitaki kumi," alituambia. "Kumi ni banda ya kuku. Nataka muntu moja. Moja mwenye kusikia hii kitu mupaka mu mufupa, halafu asiiuzishe. Mi nikikufa aingie hapa, afute ubao, aulize objection. Nitalala vizuri."

Somo lenyewe lilibadilishwa jina mara nyingi katika ratiba, lakini lilikuwa lile lile. Lilieleza jinsi mawazo ya Mzee wa Ndevu, yule Mjerumani aliyeandika juu ya kazi na mali, yalivyoingia katika sosiolojia na kuigeuza kichwa chini. Kabla ya hapo, CT alisema, sosiolojia ilikuwa karani wa mkubwa. Hata hapa kwetu, wazungu walipoleta watu wa kuchunguza, walichunguza nini? Mfanyakazi ale nini ili achimbe zaidi. Kijiji kihamishwe wapi ili kodi ipatikane. "Balituhesabu kama mbuzi," alisema, "na tukasimama vizuri ili hesabu isiharibike!"

Baadaye likaja kundi la wasomi, Wajerumani tena, na swali lao ndilo lililomkaa CT kooni maisha yake yote. Kama wanyonge ni wengi na mwenye mali ni mmoja, kwa nini wanyonge wanampigia makofi? Mzee wa Ndevu alikuwa amesema wataamka. Hawakuamka. Walivaa sare, wakaimba. Basi wasomi wale wakaacha kutazama kiwanda peke yake, wakatazama redio, shule, wimbo, ibada, meza ya nyumbani, kila mahali ambapo mtu anafundishwa kuipenda kamba iliyomfunga. Wakaiita kazi yao nadharia ya uhakiki. Kutoka kwao, alisema, sosiolojia haikuweza tena kuuliza tu "watu wanaishi namna gani" bila kuuliza "na nani anafaidika?"

Mifano ya Ulaya hakuitumia. Siku ya somo hilo alimsimamisha mwanafunzi mmoja aliyevaa tisheti ya mheshimiwa fulani, picha yake imejaa kifuani.

"Huyu alikuja kwenu?"

"Alikuja wakati ya kampeni, CT."

"Barabara alitengeneza?"

"Hapana."

"Alirudia?"

"Hajarudia."

"Sasa sura yake unaivaa juu ya nini?"

Yule kijana akajitazama kifuani. "Juu iko nguo nzuri, CT. Haijapasuka."

Tulicheka mpaka benchi likaanguka. CT hakucheka. Aliandika ubaoni: kikulacho ki nguoni mwako. "Bahenga balishasema," akatuambia. "Bajerumani balichelewa tu."

Msidhani alikuwa malaika. Alifundisha usawa, lakini alipoingia tulisimama wote, na asiyesimama alitolewa nje. Alivaa tai katika joto la Baraka, tai ile ile ya rangi ya divai, hata jasho likimchuruzika. Alitukanya juu ya kanisa linalolaza watu usingizi, na Jumapili ungemwona kwenye kwaya ya Waprotestanti, safu ya nyuma, akiimba sauti ya chini macho yamefumba. Tulipomchokoza alijibu, "Mi ni mukritiki, siko kiziwi." Tena alikuwa mgomvi sokoni. Mtetezi huyo wa wanyonge angebishana na mama muuza mihogo mpaka yule mama akamwambia, "Baba, chukua bure uende, umenichosha!"

Wazee wa Fizi walimpenda kwa sababu aliwauliza habari za porini. Huku kwetu watu waliwahi kupanda milimani na bunduki na kitabu, wakafundishana maneno yale yale ya mali na kazi chini ya miti, wengi wao wangali vijana. CT aliona fahari: nadharia ilifika Fizi kabla haijafika vyuo vingi! Lakini mzee mmoja wa porini alipoulizwa alijifunza nini, alikuna kichwa. "Tulijifunza kwamba shamba ni ya bote," akasema. "Nyuma ya masomo tulikuwa tunaenda kulima shamba ya chef, mukubwa wetu." CT alirudi, na wiki hiyo tai aliifunga upande.

Alitupeleka kujionea. Mara moja tulikwenda karibu na Lusenda, ambako wakimbizi wa Burundi walikuwa wakilima mashamba ya wenyeji, siku nzima kwa beseni la mihogo. Alitusimamisha pembeni mwa barabara, akauliza kwa nini ni beseni moja na si mawili. Mtu akasema ni desturi. Akatuonyesha watu wengine wamekaa chini ya kivuli cha ukuta, majembe mapajani, wakingoja. "Mwenye shamba anaonaka bale," akasema. "Huyu akikataa beseni moja, kuko jembe lingine barabarani. Muzee wa Ndevu aliwaita jeshi ya akiba. Haipige vita. Kazi yake ni kukaa tu na kuonekana."

Mwanafunzi mmoja akakasirika, machozi yakimlenga. "CT, ile shamba ni ya baba yangu! Na baba haiko tajiri. Tulikimbia vita sisi pia, tukarudia, nyumba hakuna. Ni mwizi huyo?"

"Sikusema mwizi."

"Umesema!"

CT akamshika bega. "Objection iko nzuri," akasema. Tukapanda gari tukarudi. Mimi nilitaka kujua, bwana. Nilitaka kujua baba yake ni mwizi au si mwizi, kwa maana hata kwetu kulikuwa na shamba na walikuwepo waliolima.

Palikuwa na mahali pengine nadharia ilipochechemea, naye alijua. Alishikilia kwamba kabila ni kitenge tu, vua kitenge utaona mwili: mwenye shamba na asiye na shamba, mwenye ng'ombe na mchungaji wake. Darasani tulikuwa na kijana wa Bibokoboko huko milimani, kwao wafugaji, mpole, anacheka haraka. Vita vya milimani kati ya watu wake na watu wetu vilipozidi, yule kijana akaacha kuja. Hakuna aliyesema kwa nini. Wote tulijua kwa nini. CT aliendelea kumwita jina kila alipoanza somo, akangoja kidogo kama anavyongoja pingamizi, kisha akaendelea. Nadharia yake nzima haikuweza kumrudisha mtoto mmoja kwenye benchi.

Lakini mkasa uliomvika jina mjini ni wa wavuvi. Wavuvi wa ndakala, dagaa wa ziwa letu, wale wanaotoka na mitumbwi ya taa, hulalamika siku zote kwamba mwenye mtumbwi anachukua fungu nono. CT alikaa nao pwani likizo nzima, akawafundisha. Siku moja wakaja nyumbani kwake, wamevaa vizuri. "CT, tumekubali. Tunaacha kazi mupaka patrons baongeze fungu yetu." Mzee alicheza! Mke wake, tuliyemwita Mama wa CT, ndiye aliyenisimulia tuliporudi kutoka likizo: alicheza uani na tai yake, akimshika yeye mkono. Kesho yake mitumbwi yote ilikuwa mchangani, nyavu zimeanikwa, na CT akahutubia. Wenye mitumbwi walikaa wakimsikiliza kwa adabu. Mmoja wao hata alimletea kiti.

Baada ya siku chache wavuvi wakarudi ziwani, mmoja mmoja, fungu ni lile lile. CT alirudi nyumbani amevunjika moyo.

"Baba," Mama akamwambia, "juu uliangalia?"

"Juu wapi?"

"Mwezi ulikuwa mukubwa. Ndakala hazikamatwake mu mwezi mukubwa, taa haisaidii. Bantu banalalaka. Kila mwezi banalalaka."

Mtu aliyekula ndakala miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza kwa nini kuna siku haziji mezani! Niliwauliza wavuvi mbona walimfanyia vile muungwana. Wakaona haya. "Tunamupenda muzee," mmoja akasema. "Kumukatalia tulishindwa. Tukamupa siku zenye hatunaka kazi." CT alipolimeza jambo hilo alicheka mpaka akakohoa, na tangu hapo alilifundisha kila mwaka, yeye mwenyewe akiwa mfano: grève, yaani mgomo, ya mwezi mkubwa. Mtu wa kujicheka hivyo, utaachaje kumpenda?

Sasa nimtaje yule kijana wa benchi la mbele. Tulimwita Dauphin, yaani mrithi, kwa kuwa ilikuwa wazi kiti kitakuwa chake. Alikuwa na kichwa, siwezi kumnyima. Neno la CT likitoka leo, kesho analirudisha zima, hata kikohozi chake. Hakuwahi kupinga kitu. CT akifundisha alimtazama yeye, na mimi wa benchi la nyuma nilisikia wivu, naam, wivu mtupu. Nilijua somo lile. Nililishika kwa meno. Lakini mimi nilikuwa mdomo tu, wa kumaliza saa.

Kazi ya mwisho ya Dauphin ilihusu machimbo ya dhahabu ya Lulimba: jinsi mwenye shimo, ambaye huko wanamwita PDG, anavyowalisha wachimbaji ugali na maharagwe mpaka dhahabu ionekane, na ikionekana fungu lao limekwisha kuliwa. Alieleza kila mlango ambamo jasho la mtu linatokea na kila mfuko linamoingia. Siku ya kuitetea, familia yake ilichinja mbuzi kwa ajili ya walimu, kama ilivyo desturi yetu, na mbele ya nyama na chupa Dauphin akaahidi kwamba atarudi kuchukua somo. CT alilia hadharani. "Nimemupata," aliniambia, akinishika mkono kama ndugu. "Muntu moja nimemupata."

Dauphin akaenda Lulimba kuendelea na utafiti. Akakaa. Kwanza tukasikia amenunua mashine ya kuvuta maji. Halafu shimo, naye akawa PDG. Siku aliyokuja Baraka na gari lake tulikutana sokoni, nikamwuliza bila salamu: "Na cours ya CT?"

Akacheka, bila ubaya. "Madame Objection, CT alitufundisha namna tajiri anatengenezaka utajiri. Benzako mulilia. Miye niliandika."

Nikaenda zangu na nyanya zangu.

CT hakulipwa. Jina lake halikuingia kamwe kwenye malipo ya serikali, na kilichotoka kwa wanafunzi kilitosha sabuni. Aliishi kwa nini basi? Hapo ndipo siku moja nilisimama. Alikuwa amefundisha kwamba thamani hutoka kwa anayefanya kazi na kumwendea asiyefanya. Akauliza objection. Nje, Mama wa CT alikuwa amekaa na sahani yake imefunikwa, akingoja tumalize, kama kila siku.

"CT," nikasema, "Mama anaamka mbele ya jogoo. Ananunua ndakala pwani, anaanika, anauzisha, anapika, anakuletea hapa. Weye unafundisha bure. Thamani ya Mama iko inaenda wapi?"

Mtu akasema "Yee!" CT alitazama dirishani, akamwona. Aligusa ubao kwa vidole.

"Iko inaenda hapa," akasema polepole. "Mu cours." Kisha, "Objection iko nzuri. Mutoke."

Tukatoka, naye akala. Kesho yake Mama akaleta sahani tena, naye akala tena. Nilipomwambia Mama nilichosema alicheka, akanipiga begani. "Sasa nimunyime? Akufe? Halafu nani atabafundisha nyinyi kunitetea?"

Kisha Mama akafa. Homa na tumbo, haraka, hata hatukuwahi kuchanga. Pale kilioni CT alikaa kwenye mkeka bila tai. Nilikuwa sijawahi kuiona shingo yake, nikaona ni shingo nyembamba ya mzee. Watu waliimba. Yeye mtu wa kwaya hakuimba.

Mwaka ule ule chuo kikabadilisha masomo. Mkuu wa idara alimweleza kwa upole: wafadhili wanataka vijana wanaojua kuandika miradi, hawaombi tena uhakiki. Mahali pa somo lake wakaweka Ujasiriamali. Hakupinga. Yeye, mtu wa objection, aliitikia kwa kichwa tu akatoka. Kwa muda aliendelea kuja, akaketi kwenye kiti cha plastiki katika darasa tupu. Tulimpelekea chakula, leo huyu, kesho yule, na mnajua jinsi huruma ya wengi inavyopungua. Siku moja akawa hayupo. Wakasema amekwenda kwa watu wake milimani. Wengine wakasema amekufa, nami nikalia kidogo jikoni.

Juzi juzi nilitumwa Lulimba kusimamia mitihani ya taifa. Tulipomaliza, mtu akaja kuniambia kuna mzee kwenye depo, ghala la PDG, ananiulizia kwa jina la ajabu. Nikajua.

Alikuwa amenenepa. Alikuwa na chumba nyuma ya depo, kitanda, chandarua, na tai. Alinishika mikono yote miwili. Walituletea wali na nyama, tukala, naye akala bila kuniangalia usoni. Dauphin amemtunza, akasema. Dauphin hakumsahau mwalimu wake.

"Unafanyaka nini hapa, CT?"

"Niko conseiller, mushauri. Naongeaka na bantu." Akasukuma sahani. "Madame Objection, mi nilikosea. Niliangalia benchi ya mbele tu. Muntu alikuwa nyuma, anapiga kelele." Machozi yalinijaa papo hapo, nisiwadanganye. "Cours yangu, chukua weye."

"Niipeleke wapi, CT? Balishaifuta. Nitaifundishia nani?"

Alivuta sahani tena, akaendelea kula. Wala sikutegemea jibu.

Ndipo watu wa PDG wakaja kumwita. Wachimbaji walikuwa wamekataa kushuka. Ukuta mmoja wa shimo ulikuwa umeanguka siku chache kabla na kufunika watu, na waliobaki walisema hawashuki mpaka PDG alete mbao za kuzuia udongo. Wamekaa chini mdomoni mwa shimo, taa zao za kichwani zimezimwa, vijana wengi, na wengine si vijana. Mtu akatanguliza kiti cha plastiki. CT akaketi, akafunga mikono kifuani. Nikasema moyoni, Mungu wangu, sasa moto utawaka.

"Nani anachimbaka?" akauliza.

"Sisi!"

"Nani anakulaka?"

"PDG!" Walicheka, wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

"Kweli. Dhahabu inatoka mu mikono yenu. Bila nyinyi hii shimo ni shimo tu." Akangoja wanyamaze. "Sasa mukikataa kushuka, PDG kesho atakula? Atakula. Iko na depo, iko na nyumba ku Baraka. Nyinyi kesho mutakula nini? Muko na nini, kuacha hii mikono?" Akanyoosha kidole kule barabarani, ambako watu walikuwa wamesimama na mabeleshi, wageni, wakitazama. "Na bale? Bale mumebaona? Mukisimama, bale banashuka. Bila mbao."

Hakuna uongo hata mmoja aliousema. Nililijua kila neno, nililifanyia mtihani nikapata alama nzuri. Niliona vichwa vikiinama kimoja kimoja, wakilihesabu jambo hilo katika matumbo yao.

"Objection?" akauliza CT.

Akangoja. Nao wakangoja. Hakuna aliyesimama. Kimya kikawa kirefu kama kile cha darasani, nikaanza kusikia matumaini, kwa kuwa nilikumbuka sheria: bila objection haiishi. Wangekaa. Wangekaa tu pale mpaka mbao zije. Lakini wao hawakuijua sheria, na mmoja alikuwa amekwisha kuiwasha taa yake, na mdomo wangu, mdomo wangu huu, haukuweza kuvumilia.

"Na mbao, CT?" nikapaza sauti. "Udongo ukianguka tena, nani atakufa?"

Wote wakanigeukia. CT pia. Uso wake ukafunguka, ile furaha yake ya zamani, ya mtu aliyeletewa chakula.

"Objection iko nzuri," akasema. "Mushuke."

Wakasimama. Kwa nini walisimama sijui, labda kwa sababu neno lao lilikuwa limesemwa na mtu mwingine, tena kwa ukali, na mzee akalisifu. Wakafunga taa vichwani, wakashika kamba. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Mashine ya maji ikaanza kunguruma.

CT alinishika mkono na kuniinamisha karibu yake, maana kelele zilizidi. "Unaona?" akasema. "Ni weye. Muntu moja."

Neno hilo nililingoja tangu benchi la nyuma. Nilipanda pikipiki, nikalia njia yote mpaka Fizi.